Saa Nane na Nusu Isiyokuwepo

Jumatatu, 23 Machi

Mkuu wa kitengo ameondoka. Amepata kazi kwingine, akabeba kikombe chake na picha ya wajukuu, hata hakugeuka nyuma. Chumba chake kiko wazi. Chumba chenye mlango! Mlango wenye kitasa, dirisha linalotazama mtaani, na kiti kisicholia mtu akikikalia. Miaka tisa nimekaa meza ya kona, kati ya printa na mlango wa choo. Najua nani amekunywa chai nyingi na nani anajificha tu. Nafasi hii ni yangu. Hata printa inajua.

Bosi akasema mbele ya wote kwamba atamteua mkuu mpya Jumatatu ijayo, na kwamba anawatazama wawili. Wawili! Mmoja ni mimi. Wa pili ni Koti. Tunamwita hivyo kwa sababu havui koti, hata siku ile feni zilipoharibika na mhasibu akazirai. Ana miaka mitatu tu hapa. Mimi nilikuwa nategeshea viwanda ving'ora yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu na mama yake.

Kampuni yetu hutengeneza programu za taima. Kitu kikitakiwa kijirudie kila siku saa fulani, sisi ndio tunaokiamuru: kengele ya shule, pampu ya maji, taa za ghala. Kazi ya heshima. Mama mkwe hajawahi kuielewa. Huwaambia watu kwamba mkwewe ni fundi saa.

Sasa niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Mke wangu nilishamwambia kwamba nafasi nimeipata. Nilimwambia Ijumaa, kabla mkuu hata hajaaga. Sikudanganya, nilitangulia tu. Yeye akampigia mama yake kabla sijamaliza kuvua viatu. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza na kukiona chumba kwa macho yake. Mke wangu ameshaanza kushona mapazia.

Kwa hiyo lazima ipatikane. Bosi anapenda watu wanaodamka. Mimi na alfajiri hatujawahi kuelewana, lakini akili ninayo. Jioni hii nimefungua programu yetu wenyewe nikategesha taima: kila siku, saa kumi na moja alfajiri, ujumbe uende kwenye simu ya bosi. "Shikamoo mzee. Nimeshafika mezani. Nje bado giza, niko peke yangu na kazi." Kila siku, mimi nikiwa kitandani. Koti na ajifunike koti lake.

Jumanne, 24 Machi

Nimedhulumiwa na mashine niliyoilisha mwenyewe.

Nililala fofofo, kama mtu aliyekwisha kufika kazini. Nikaingia ofisini saa mbili na nusu nikiwa na uso wa mtu aliyetoka tu kununua maandazi ya kupoza uchovu. Wote wakanigeukia. Kumbe saa mbili kamili bosi alikuwa amesimama mezani kwangu akitafuta stepla, Koti pembeni yake, jua limejaa dirishani, kiti changu kitupu. Simu ikalia mfukoni mwa bosi. Akausoma ujumbe kwa sauti. Nje bado giza. Niko peke yangu na kazi. Nusu saa baadaye mhasibu alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

Bosi akaniuliza kwa upole giza hilo lilikuwa la wapi. Nikasema mtandao umechelewesha. Nani alimuuliza Koti? Hakuna. Lakini akaeleza, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, kwamba seva yetu haiko hapa, iko nchi nyingine, na saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiiandikia saa kumi na moja bila kuiambia ni ya wapi, inasubiri saa kumi na moja yake. Kwetu tayari ni saa mbili, watu wanatafuta stepla.

Kana kwamba sijui! Miaka tisa nafanya kazi na seva hiyo. Wateja wetu wote ni wa mji huu, na mkuu aliyeondoka ndiye aliyekuwa akiziweka sawa hizo saa tatu. Mimi sikuambiwa kwamba ameondoka nazo.

Ujumbe nimeuzima. Bosi hakukasirika, jambo ambalo ni baya zaidi. Akatuita mimi na Koti akasema kuna kazi mpya. Tajiri mmoja wa mikate ana kiwanda hapa mjini, na duka dogo la kuoka ng'ambo, linaloendeshwa na mdogo wake. Anataka matanuri yote mawili yawashwe na taima zetu, ili waokaji wakifika wakute moto tayari. Kazi inaanza usiku wa kuamkia Jumapili. Mmoja wetu atashika tanuri la hapa, mwingine la ng'ambo. Atakayefanya bila dosari ndiye mwenye chumba.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. La ng'ambo! La hapa hata printa ingeliweza. Koti akaniinamia akasema, "Kaka, kule wanasogeza saa. Afadhali tulifanye pamoja." Pamoja! Ili siku ya kugawana sifa naye awepo na koti lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia ashughulike na la kwake.

Jumatano, 25 Machi

Nimezungumza na Mwokaji wa ng'ambo. Mtu mpole, ananiita kaka, na anaongea huku anakanda, nasikia unga ukipigwa mezani. Jumapili ndiyo anafungua duka. Amewaahidi mtaa mzima mkate wa moto saa kumi na moja alfajiri, amebandika na tangazo mlangoni. Tanuri lake ni zee, linahitaji muda kushika moto, kwa hiyo anataka liwake saa nane na nusu usiku. Akaniambia kwamba akiba yake yote iko kwenye duka lile. Nikamwambia alale usingizi, yuko mikononi mwa mkuu wa kitengo.

Hesabu ni ndogo. Wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Seva iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo unatoa, halafu unajumlisha, au unajumlisha halafu unatoa. Nilihesabu kwa vidole vikaisha. Nikamwomba mhasibu anishikie viwili vyake.

Kabla ya Jumapili, jaribio. Nilimwambia Mwokaji kwamba tanuri litawaka saa sita mchana kwa saa yake. Likawaka saa mbili asubuhi. Pale penye kutoa nilijumlisha, au kinyume chake, mpaka sasa sijui. Akanipigia. "Kaka, aproni yangu imeungua." Nikamuuliza ni mtu gani huyo anayeanika aproni ndani ya tanuri. Akajibu, bila kupandisha sauti, kwamba ni mtu aliyeambiwa tanuri litawaka saa sita. Watu wapole wana namna yao ya kukutukana.

Koti alisikia. Koti husikia kila kitu, masikio yake tu ndiyo hayavai koti. Akavuta kiti akasema nisihesabu kabisa. Kwenye programu kuna kisanduku kimeandikwa Mahali. Unaandika saa kama inavyosoma ukutani kwa mwokaji, kisha unaandika mahali alipo, na mashine inahesabu yenyewe kila siku. Hata wakisogeza saa, inajua. Halafu akasema kuna jambo moja zaidi kuhusu usiku wa kuamkia Jumapili. Hapo nikasimama. Nilisema nina simu, nikaingia chooni nikasimama humo nikitazama vigae mpaka akaondoka. Ukimwachia mtu akuelekeze mambo mawili, la tatu atakuelekeza namna ya kuvaa soksi.

Alipotoka kwenda nyumbani nikakijaza kile kisanduku. Nikajaribu tena na Mwokaji, akiwa amesimama mbele ya tanuri na aproni mkononi. Likawaka dakika ile ile niliyomwambia! Wazo hilo nilikuwa nalo tangu zamani, sema sikuwa nimelitamka.

Chini yake kuna kisanduku kingine: Saa ikikosekana. Kina majibu mawili, Ruka, au Washa mara moja. Saa itakosekanaje? Inaenda wapi, sokoni? Mkuu aliyeondoka alikuwa na utani wa kizee. Kimewekwa Ruka, nimekiacha hivyo hivyo.

Alhamisi, 26 Machi

Leo nimeonewa na ukuta.

Tajiri wa mikate alikuwa anakuja saa tisa alasiri kutuona sisi wawili. Nikafikiri: Koti akichelewa mbele ya tajiri, hadithi imekwisha. Koti kila saa hutazama saa ya ukutani, sijawahi kumwona akitazama simu. Kwa hiyo wenzangu walipotoka kula nikapanda kiti cha mhasibu, nikairudisha ile saa nyuma nusu saa. Kazi safi. Nikashuka, nikala, shibe ikanilaza juu ya meza kidogo.

Nilipoamka nikatazama ukutani. Saa tisa kasorobo. Nina robo saa nzima! Nikaenda kunywa chai bila pupa. Nikachana nywele. Nikafungua mlango wa chumba cha mikutano nikiwa nimeshaandaa tabasamu, nikakuta tajiri anampa Koti mkono wa kwaheri.

Kumbe Koti ana saa ya mkononi. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuona kifundo cha mkono wake! Mtu mwenye nia njema ana haja gani ya kuficha saa ndani ya mkono wa koti?

Bosi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akatazama ukuta, akatazama simu yake. Mhasibu akatazama kiti chake, ambacho kilikuwa na alama ya kiatu, kisha akatazama kiatu changu. Nikasema ofisi inayojiheshimu haiwezi kuwa na saa ambayo mtu yeyote anaweza kuisogeza anavyotaka. Bosi akasema hata yeye ameona hivyo. Koti akapanda kiti kuirekebisha, baada ya kuvua viatu. Alivua viatu, koti hakulivua.

Hata hivyo tajiri alinishika mkono akiondoka. Akaniambia mdogo wake ana imani na mimi. Nikajisikia vizuri, kisha nikajisikia vibaya, kisha nikaenda kuosha kikombe.

Ijumaa, 27 Machi

Koti tena. Eti tuongee dakika tano kuhusu Jumapili. Nikamwambia kila ndege huruka kwa ubawa wake. Akaniandikia ujumbe. Nimeufuta bila kuusoma, na nimefurahi kuufuta, na nikipata nafasi nitaufuta tena.

Mke wangu alinipigia akitaka vipimo vya dirisha. Nikaingia chumba cha mkuu kimya kimya na rula ya mhasibu. Nikajaribu na kiti. Hakilii! Nilikuwa nimekizungusha mara mbili, miguu juu, mhudumu wa usafi akaingia na ndoo. Akauliza natafuta nini. Nikasema nakagua mchwa. Akasema chumba kizima ni chuma na kioo. Nikamwambia ndiyo maana nakagua, hao wa siku hizi hawatabiriki. Akaendelea kunitazama huku akikamua dekio.

Jumamosi, 28 Machi

Mama mkwe amefika. Begi moja kubwa na mto wake wa kulalia. Nikamwamkia, akaitika, akaketi kwenye kiti changu, akasema twende akaone chumba. Nikamwambia Jumamosi ofisi hufungwa. Akasema mkuu hana funguo? Nikasema funguo ninazo, ila sheria nimeitunga mwenyewe na siwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mke wangu alikuwa anapiga pasi mapazia, hakuinua uso.

Mchana akaniuliza mkuu wa kitengo hufanya nini hasa. Miaka kumi na miwili nimemwoa binti yake, hili ni swali lake la kwanza kuhusu kazi yangu. Nikamweleza. Nikamwambia usiku huu, ng'ambo, katika duka ambalo sijawahi kulitia mguu, moto utawaka wenyewe gizani, kwa sababu mimi nimeuambia uwake, na watu nisiowajua wataamka wale mkate. Akauliza, moto utakusikia ukiwa hapa hapa? Nikasema ndiyo, mama. Akaninyang'anya sahani, akaniongezea nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Hajawahi kufanya hivyo. Nyama huwa anampa shemeji, yule wa benki. Nimefurahi leo. Nimefurahi kweli, mpaka nimeshindwa kumaliza.

Jumapili, 29 Machi

Wizi! Wizi wa mchana kweupe, tena uliofanyika usiku!

Nilishuka kunywa chai nikakuta simu ina miito kumi na saba ya Mwokaji. Nikampigia mbele ya mama mkwe, sauti imefunguliwa, nikijua ni shukrani. Hakusema kaka. Akasema alifika dukani akakuta tanuri baridi kama jiwe la mtoni. Akaliwasha kwa mkono. Saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni mlangoni, chini ya lile tangazo. Mkate wa kwanza ukatoka saa moja. Foleni ilikuwa imeshahamia kwa jirani anayeuza biskuti.

Nikamwambia akatazame saa yake, lazima imeharibika. Tanuri nimeliamuru saa nane na nusu. Akasema, "Saa nane na nusu haikuwepo."

Nikamwomba arudie. Akasema usiku wa leo kule wamesogeza saa mbele. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini na tisa, halafu ikawa saa tisa. Saa nane haikupita. Nikamuuliza nani alikuwepo akaona. Akasema hakuna, nchi nzima ilikuwa imelala.

Ndipo walipoichukua! Watu wazima, wenye hospitali na reli, wanangoja raia walale, wanaondoa saa nzima, asubuhi wanaamka wanapiga mswaki kana kwamba hakuna kitu. Hata mwizi wa kuku huacha manyoya. Na kati ya saa zote ishirini na nne, wamechagua ya kwangu! Kwa nini hawakuchukua saa tisa alasiri, ambayo haina faida kwa mtu yeyote?

Nikafungua kompyuta. Mashine imeandika mstari mmoja: Saa haipo. Imerukwa. Hakuna samahani, hakuna pole. Nikakumbuka kile kisanduku cha Ruka, nikaifunga kompyuta haraka mke wangu asione.

Mama mkwe alikuwa amesikiliza yote. Akauliza hiyo saa imepelekwa wapi. Mke wangu akamweleza kwamba nchi zile husogeza saa kila mwaka, na mwezi wa kumi huirudisha. Mama mkwe akafikiri, akasema basi hawakuiba, wameazima. Nikamwambia mama, mtu anayeazima hubisha hodi.

Baadaye nimejua mengine. Mwokaji alipokosa kunipata alimpigia kaka yake, tajiri. Tajiri akampigia bosi. Bosi akampigia Koti. Koti, akiwa kwake, akabonyeza sehemu moja na sasa tanuri halitakosa tena, hata saa ikipotea. Dakika mbili tu. Nimelala wakati watu wote hao wanapigiana simu juu ya tanuri langu! Hakuna aliyeona vibaya kuniacha.

Kabla Mwokaji hajakata simu asubuhi nilisikia mtu akimuuliza kama kuna mkate wa moto. Akasema umeshapoa. Sauti hiyo haijanitoka mpaka sasa.

Jumatatu, 30 Machi

Bosi ametuita kwenye kile chumba, mimi na Koti. Akaniuliza kama niliambiwa kuhusu usiku ule. Nikasema niliambiwa nusu. Koti akasema kosa ni lake, alipaswa kunishika mkono na kunilazimisha nisikilize. Unaona mtu huyu! Hata kosa langu anataka alichukue yeye.

Chumba amepewa Koti. Mimi nabaki mezani kwangu, nitafanya kazi chini yake, na nitaandika barua ya kumwomba Mwokaji radhi. Bosi akasema hanifukuzi kwa sababu miaka tisa ni miaka tisa, ila nikisikia neno kuhusu saa, kazi yangu ni kuuliza saa ya wapi. Nikaenda chooni. Nililia kidogo, bila sauti, maana najua jinsi ukuta ule unavyosikika ukiwa umekaa mezani kwangu.

Koti alinifuata nje. Akasema kwake hakuna mkubwa, tutafanya kazi kama ndugu, na tanuri la ng'ambo angependa nilishike mimi tena, yeye akiwa karibu. Nikamwambia nitafikiria. Natafuta mtego uko wapi.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amevaa nguo zake nzuri, kilemba kimefungwa, mkoba mkononi, anangoja kupelekwa kukiona chumba. Ukweli ulikuwa mdomoni, ulimi ukausukuma pembeni. Nikasikia sauti yangu ikieleza kwamba mama, tatizo ni ile saa. Cheo changu kilikuwa kianze kwenye saa ile ile waliyoiondoa. Saa imekwenda na cheo kimekwenda nayo. Lakini mwezi wa kumi saa itarudishwa, na cheo kitarudi nayo, ni kanuni ya ofisi.

Niliona nimesema vizuri sana. Mama mkwe akaketi, akafungua kilemba taratibu. "Basi mwanangu, siwezi kukuacha peke yako kwenye mtihani kama huu. Nitakaa hapa mpaka hiyo saa irudi."

Jikoni mke wangu akaniambia kwamba alijua tangu ile Ijumaa. Nikisema uongo huwa navua kiatu kimoja nakisahau cha pili. Mapazia alikuwa anashona ya sebuleni. Hakunifokea. Akasema ana mume asiye na chumba na hilo halimuumizi, linalomuuma ni kumwona anavyohangaika kumpendeza mtu ambaye angempa nyama hata angekuwa anauza maji. Akasema nimwambie mama ukweli kesho, ni jambo la dakika moja, na yeye atakaa ubavuni mwangu.

Nimemwahidi.

Jumanne, 31 Machi

Nilishuka asubuhi nikiwa nimeshajipanga. Sentensi moja tu: mama, cheo sikupata. Nikakuta gari limesimama nje linashusha mabegi mengine manne, godoro na kabati. Mama mkwe ameshahamisha viti vya sebule. Chumba chetu ameona kina hewa nzuri, kwa hiyo mimi nitalala kwenye kochi, mke wangu na yeye watalala pamoja. Ameshawapigia ndugu wote kuwaeleza habari ya ile saa. Shemeji wa benki amesema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mama mkwe akamjibu kwamba ndiyo maana yeye si mkuu wa kitengo.

Alinitetea! Mbele ya shemeji wa benki! Sasa nitamwambiaje?

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwekea yai la pili. Nikafunga mdomo kwa yai.

Kazini Koti ameniwekea kiti kando ya chake ili anionyeshe visanduku vyote, kimoja kimoja. Nikamwambia nina simu. Nimepata muda mzuri wa kufikiri, kule kwenye vigae.

Nimepiga hesabu, safari hii bila vidole vya mtu. Kutoka leo mpaka mwezi wa kumi ni mbali mno, kochi lina chuma katikati. Ukweli nao hauwezekani tena, uongo umeshafika benki. Lakini nimetafakari jambo moja. Kama nchi nzima, yenye hospitali na reli, inaweza kuondoa saa usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi maisha yakaendelea, na asitokee mtu wa kuulizwa, mimi katika nyumba yangu ninayolipia kodi nashindwa nini?

Mama mkwe macho yake si mazuri, na tarehe huwa ananiuliza mimi. Nimeingia jikoni sasa hivi, wote wako sebuleni. Nimechana ukurasa wa Aprili kwenye kalenda, nimeukunja vizuri, nimeutia mfukoni.

Kesho tunaamkia Mei.